SOMO LA MWEZI: Mtama Uliotoka Chunguni



Somo letu la mwezi huu twalianzia jikoni. Kabla ya kuendelea, soma Ezekieli 4:9-11.

Sote twaijua methali isemayo kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Hata watoto wetu hapa Amani waijua. Lakini tujiulize: mara ya mwisho kupika mtama nyumbani ilikuwa lini? Wengi wetu tumebaki nao katika methali tu, chunguni haumo. Kwa nini?

1. Jina la shida

Tukisema mtama, twataja pamoja nao ndugu zake wawili, uwele na ulezi, ambao wengine huuita wimbi. Nafaka hizi tatu zilianza kulimwa katika bara letu la Afrika, maelfu ya miaka kabla mahindi hayajaletwa kutoka Amerika. Hapa Unguja, watu wa Kusini wameupanda mtama katika ardhi ya maweni, ambapo mpunga hauwezi kusimama.

Mwaka 1942, vita vilipoifikia Burma, mchele wa huko haukuja tena Unguja. Watu wakahimizwa kulima chakula chao wenyewe. Shida ilipokwisha, tuliurudia wali, na vyakula vya shida tukaviona ni vya maskini. Nabii Ezekieli naye aliambiwa atie mtama katika mkate wake, na mkate ule ulikuwa wa mji uliozingirwa, wa kupimwa kwa mizani. Basi mtama umepata jina la njaa. Wali ndio heshima ya mgeni. Mtama ni wa kuku.

2. Faida kwa mwili

Leo adui aliyetuzingira ni mwingine. Ni nadra kuingia nyumba ya Wakristo wenzetu usikute mwenye kisukari au shinikizo la damu. Mchele mweupe umeondolewa ganda lake, na pamoja na ganda zimetoka nyuzinyuzi na madini mengi. Mtama, uwele na ulezi zikisagwa nzima, bila kukobolewa, nyuzinyuzi hubaki. Chakula husagika tumboni polepole, na sukari hupanda katika damu taratibu zaidi. Uwele una madini ya chuma. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za chokaa, ijengayo mifupa. Mchele mweupe hauna hata 40.

Lakini tusidanganyane. Mtama si dawa. Mgonjwa wa kisukari asiache vidonge vyake wala kliniki, na bonge kubwa la ugali wa mtama bado litampandishia sukari. Tena, uji wa ulezi uliojazwa vijiko vitano vya sukari umekwisha kupoteza faida yake.

3. Faida kwa ardhi

Mpunga wataka maji mengi, na mashamba yaliyojaa maji hutoa gesi inayozidi kuipasha dunia joto. Uwele hustahimili jua na kuzaa mahali penye mvua haba, kama ndugu zetu wa Dodoma wajuavyo. Siku hizi mvua za vuli na masika hazina miadi, na sehemu kubwa ya mchele tunaoula visiwani huja kwa meli. Bei ikipanda ng'ambo, sufuria ya Amani huitika. Kwa sababu kama hizi Umoja wa Mataifa, kwa ombi la India, uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi.

Kazi ipo. Ndege huupenda mtama kuliko sisi, na watoto waliokuwa wakiwafukuza sasa wako shuleni, nasi twataka wabaki huko. Ndiyo maana mkulima atalima tu akijua kuna mnunuzi.

4. Tufanye nini?

Hatusemi wali uondoke mezani. Twasema siku mbili kwa juma ziwe za mtama. Akina mama wenye ujuzi wa mkate wa mofa wawafundishe mabinti, na vijana wa kiume wasikae nje. Anayepika uji aloweke unga usiku kucha, uchachuke kidogo. Mwili hupata madini kwa urahisi zaidi. Na tukiwa na chakula cha pamoja baada ya ibada, sahani ya mtama iwekwe mbele, isifichwe nyuma ya pilau.

Tunapomwomba Baba atupe riziki ya leo, tusimchagulie kwamba riziki ni wali peke yake. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba chenyewe, zamani, kilipima mtama.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni chakula gani kingine tulichokidharau kwa sababu ya jina lake?
2. Mgeni akija, je, tungethubutu kumwandalia mtama? Kama sivyo, twaogopa nini?
3. Jumuiya yetu yaweza kununua gunia moja kwa pamoja na kugawana?