MADA: DRAIVA YA HIFADHI NA UTAMBUZI WA DISKI

Mtahiniwa, fikiria uko stendi. Umeambiwa gari la kwanza huenda Kibaha na la pili Kisarawe. Siku gari la Kibaha likichelewa, la Kisarawe ndilo litakuwa la kwanza. Ukifuata nafasi bila kusoma kibao, utashukia Kisarawe na mtihani wako uko Kibaha.

Kosa hilohilo hutokea ndani ya kompyuta. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Katika Linux, diski iliyoonekana kwanza kwa kawaida huitwa sda, inayofuata sdb. Jina hilo ni nafasi kwenye foleni tu. Kompyuta ikiwashwa upya, majina yanaweza kubadilishana. Anayefuta sdb akidhani ni flashi anaweza kufuta kazi za darasa zima.

Vitambulisho vya kukumbuka
1. Namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Katika USB kila moja ina biti 16. Hutaja aina ya kifaa. Flashi mbili za aina moja huwa nazo sawa.
2. Namba ya mfululizo. Hutofautisha kifaa kimoja na kingine, ila baadhi ya flashi hazina. Windows isipoipata hutegemea tundu. Ukihamisha tundu, flashi huonekana ngeni.
3. UUID. Ina biti 128 na huandikwa diski inapoandaliwa kwa mfumo wa mafaili kama ext4. Diski ikinakiliwa nzima, nakala hubeba UUID ileile.

Swali
Kompyuta ya maabara yenye Linux iliongezewa diski. Sasa haipati mafaili yake ya zamani. Eleza utakavyorekebisha.

Jibu
(a) Tumia amri dmesg kuona diski zilivyotambuliwa.
(b) Tumia amri blkid kusoma UUID ya kila diski.
(c) Katika faili /etc/fstab, badala ya /dev/sdb1 andika UUID ya diski husika.
(d) Washa kompyuta upya, kisha hakikisha mafaili yanafunguka.

Kosa likiwa ndani ya draiva yenyewe, mfano inalinganisha namba ya bidhaa pekee, mtunzi wake huirekebisha ili ilinganishe na namba ya mfululizo pia.

Angalizo: Usijibu "nunua diski mpya". Diski ni nzima. Kilichokosewa ni utambulisho.