Mtoto Njiti Hujifunza Kunyonya

Umewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja? Kila mmoja hupiga mchi kwa zamu yake. Mmoja akikosea, michi hugongana.

Kunyonya ni hivyo hivyo. Mtoto hufanya kazi tatu kwa zamu: hunyonya, humeza na hupumua. Zamu zikigongana, maziwa huingia mapafuni, na mtoto huweza kufa.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Wengine husema, "Mtoto huyu mvivu, anakataa titi." Sivyo. Hajawahi kujifunza zamu. Mtoto wa wiki 28 huweza kuchezesha mdomo na kunyonya kidogo, lakini kazi zake tatu hazijapatana. Wengi huanza kuzipatanisha kati ya wiki ya 32 na ya 34. Wiki hizo huhesabiwa tangu mwanzo wa mimba, si tangu siku ya kuzaliwa. Watoto hawalingani, usimlinganishe na wa jirani.

Alishwe vipi?

1. Mama akamue maziwa yake, tangu dang'a, yale ya kwanza ya njano. Akamue kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, ili maziwa yasikauke.
2. Asiyeweza kumeza vizuri hulishwa hospitalini kwa mpira mwembamba unaofika tumboni.
3. Akipata nguvu, hulishwa kwa kikombe kidogo kisafi. Mkalishe akiegemea. Gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini, arambe mwenyewe. Usimmiminie.
4. Wakati huo huo awekwe kwenye titi lililokwisha kukamuliwa. Hapo hujizoeza bila kupaliwa.

Akiamka, akitoa ulimi na kutafuta titi, yu tayari kujaribu. Akipaliwa, akiacha kupumua au midomo ikigeuka rangi, acha kumlisha na mwite mganga mara moja. Usimpe maji, uji wala dawa ya mitishamba.

Kifua cha mama

Mtoto mwenye baridi hana nguvu ya kunyonya. Mvue nguo, mwachie kofia, soksi na nepi. Mweke wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mfunge kwa kanga. Uso uonekane, pua iwe wazi. Baba au bibi naye aweza kumpokea mama. Njia hii huitwa kangaruu. Ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978.

Utafiti wa hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Muhimbili hapa Tanzania ulitolewa mwaka 2021. Ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya kila 100 waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa, 12 walikufa ndani ya siku 28. Kati ya 100 waliosubiri kwanza, walikufa karibu 16.

Basi, njiti akizaliwa hapa Ubena, msikae naye nyumbani. Mpelekeni zahanati, na akiandikiwa kwenda hospitali, asafiri kifuani mwa mama. Ndicho kitanda chake njiani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni hatari kummiminia njiti maziwa mdomoni?
2. Mtoto amezaliwa mimba ikiwa na wiki 30. Atafikisha wiki 34 baada ya wiki ngapi?
3. Nyumbani kwako, nani atampokea mama mtoto?