UNAUZA SPEA MTANDAONI? MAFUTA YA BREKI HAYAUZWI KWA UKUBWA WA NAMBA

Wafanyabiashara wenzangu, somo la leo ni la wanaouza spea za magari na pikipiki. Lakini hata wewe unayeuza viatu au vipodozi usipite tu, maana ndani yake kuna maswali matatu ya kumuuliza mteja kabla ya kupokea hela yake. Ukiyageuza kidogo yanafaa biashara yoyote.

Mimi nauza spea mtandaoni, na meseji ya aina hii naipata mara kwa mara: "Bosi, mafuta ya breki una DOT ngapi? Nataka ile kubwa kabisa, naenda kukimbiza gari." Muuzaji mwenye haraka anajibu "ipo", anataja bei, anaita boda, mzigo umeondoka. Tatizo ni kwamba kwenye bidhaa hii namba kubwa siyo lazima iwe bora, na mteja ukimpa isiyomfaa anaweza kujikuta hana breki.

MAFUTA YA BREKI YANAFANYA NINI?

Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta yaliyo kwenye mabomba, na mafuta hayo ndiyo yanayobana pedi kwenye diski. Kimiminika hakibonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye tairi.

Breki zikitumika mfululizo zinapata moto, na moto unafika hadi kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari halisimami. Inaweza kutokea kwenye uwanja wa mbio baada ya mizunguko michache. Inaweza kutokea pia kwenye mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu, gari limejaa watu na dereva kashikilia breki njia nzima.

SOMA NAMBA MBILI, SIYO MOJA

Mafuta mengi ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu. Unaingia polepole kupitia mipira ya breki na kwenye kopo la mafuta, hata gari likiwa limepaki tu. Kadiri maji yanavyoongezeka, mafuta yanachemka mapema zaidi. Ndiyo maana kuna vipimo viwili: "dry" ni mafuta mapya kutoka kwenye chupa, "wet" ni mafuta yaliyokwisha kuingia maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi.

Kiwango cha Marekani kinachoitwa FMVSS 116 kinataka yasichemke chini ya hapa:

👉 DOT 3: mapya nyuzi 205, yenye maji nyuzi 140
👉 DOT 4: mapya nyuzi 230, yenye maji nyuzi 155
👉 DOT 5.1: mapya nyuzi 260, yenye maji nyuzi 180

Hizo ni nyuzi za Selsiasi, na ni kiwango cha CHINI. Kiwanda kinaruhusiwa kupita hapo, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapochanganya mambo. Motul RBF 660 ni mafuta ya mbio, na chupa yake imeandikwa DOT 4. Yakiwa mapya yanachemkia nyuzi 325. Kwa hiyo DOT 4 hiyo inaziacha mbali DOT 5.1 nyingi za kawaida. Mteja anayesema "5.1 ndiyo ya mbio kwa sababu namba ni kubwa" mwonyeshe hilo taratibu, bila kumkejeli. Faida nyingine ya DOT 5.1 ni wepesi wake kwenye baridi kali, na wepesi huo unapimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mteja wako wa Dar au Mombasa hiyo baridi hatakutana nayo.

MTEGO WA DOT 5

DOT 5 na DOT 5.1 siyo ndugu. DOT 5 ni ya silikoni, na kawaida rangi yake ni ya zambarau. Haichanganywi na DOT 3, 4 wala 5.1. Yenyewe haivuti maji, lakini maji yakipenya yanakaa matone matone na yanachemka kwa nyuzi 100 kama maji ya chai. Kwenye gari lenye ABS haifai. Utaikuta kwenye baadhi ya pikipiki za zamani za Harley-Davidson na kwenye magari ya kumbukumbu yasiyotembea sana. Kama kifuniko cha gari la mteja hakijaandikwa DOT 5, usimuuzie hata akikubembeleza.

SASA, MASWALI YENYEWE

1. Kifuniko kimeandikwaje? Mwambie afungue boneti, apige picha kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, akutumie. Toyota nyingi utaona DOT 3. Mwenye DOT 3 anaweza kupanda DOT 4 bila shida, lakini gari la DOT 4 halishushwi kwenda DOT 3. Baadhi ya magari mapya ya Ulaya yanataka DOT 4 nyepesi maalumu kwa ajili ya mifumo ya ABS na ya kuzuia gari lisiteleze. Hapo fuata kitabu cha gari, usikisie.

2. Gari linatumikaje? Wateja wako wa mafuta ya breki wako makundi matatu:

✅ Wa barabarani tu. Huyu namba yake ni ya "wet", kwa sababu mafuta yatakaa ndani ya gari muda mrefu. DOT 4 nzuri ya kawaida inamtosha. Usimbebeshe gharama ya mafuta ya mbio ambayo hatayahitaji.

✅ Wa mbio tu. Gari linabebwa kwenye trela, fundi anabadilisha mafuta kabla ya kila shindano. Huyu anaangalia namba ya "dry", kwa sababu mafuta hayapati muda wa kuzeeka. RBF 660 na nyuzi zake 325 inamfaa.

✅ Wa katikati. Jumatatu Subaru inaenda kazini, Jumapili inaenda kukimbizwa. Huyu ndiye wa kukaa naye, maana anataka namba ya mbio lakini anaishi maisha ya barabarani. RBF 660 ile ile ikishaingia maji inashuka kutoka 325 hadi 204. ATE TYP 200 inaanza chini, nyuzi 280, lakini ikiwa na maji bado ina 198. Umeona? Walikuwa wameachana nyuzi 45, sasa wameachana 6. Castrol SRF inaanza 320 na ikiwa na maji inabaki 270, ila bei yake iko juu sana. Kwa mtu wa katikati mwenye bajeti ya kawaida, mimi napendekeza aina ya TYP 200, na abadilishe kabla ya siku ya mbio.

3. Mara ya mwisho ulibadilisha lini? Watengenezaji wengi wa magari wanashauri kila miaka miwili. Akikujibu "tangu ninunue gari sijagusa", basi hatari yake ni uzee wa mafuta yaliyomo, aina siyo tatizo la kwanza. Kuongezea juu tu hakusaidii. Mafuta ya zamani yatolewe yote, mapya yaingie, na fundi atoe upepo kila tairi. Kwa gari dogo lita moja kawaida inatosha, kwa hiyo muuzie lita nzima, usimuuzie nusu.

NA WEWE MUUZAJI, CHUNGA HAYA

🔴 Usipime. Ile biashara ya kufungua kopo kubwa na kugawa kwenye chupa ndogo, kwenye mafuta ya breki iache. Likishafunguliwa, unyevu umeanza kuingia. Na mafuta haya ni sumu. Ukiyatia kwenye chupa ya maji, ipo siku mtoto atayanywa.

🔴 Kwenye posti weka picha ya sili ikiwa haijafunguliwa, ujazo, na namba ZOTE mbili za kuchemka. Wauzaji wengi wanaandika "DOT 4 original" basi. Ukiandika namba, mteja anayejua vitu anakuamini palepale.

🔴 Funga vizuri. Yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaibabua. Weka mfuko wa plastiki ndani ya boksi, na mwambie boda asilaze mzigo.

🔴 Akikuuliza kama anaweza kuweka mafuta ya usukani au ya injini kwa dharura, jibu ni HAPANA. Yanavimbisha mipira ya ndani ya breki na mfumo mzima unaharibika.

🔴 Akisema pedali inazama leo hii, usimuuzie kitu kwanza. Inawezekana yanavuja, au masta silinda imekufa. Mwambie gari lisitembee, amwite fundi. Utakosa mauzo ya chupa moja, lakini huyo mtu atarudi, na atarudi na wenzake.

JIBU LA KUNAKILI

"Asante kwa kuuliza, bosi. Ili nikupe inayokufaa naomba vitu vitatu: picha ya kifuniko cha mafuta ya breki, gari unalitumia wapi zaidi, na mara ya mwisho ulibadilisha lini. Ukinijibu nakupa bei na sababu yake."

Sentensi tatu tu hizo. Wengine wataona unawachelewesha na wataenda kwingine, waache. Wanaobaki watakuheshimu kama mtu anayejua kazi yake.

Kazi ya leo: nenda kwenye stoku yako, geuza kila chupa ya mafuta ya breki, tafuta namba zile mbili na uziandike kwenye daftari. Chupa isiyoonyesha hata DOT yake, itoe kwenye posti zako. Kisha niambie hapa chini umekuta nini 👇🏾