Dolores Hart: Aliitwa Akiwa Juu



Kuna maneno nayasikia sana, hata kwenye vikundi vyetu vya vijana parokiani. Binti akienda utawani, watu wanaulizana: "Kwani amekosa mchumba?" Kijana akiingia seminari: "Maisha yamempiga huyo." Kana kwamba Mungu anapewa makombo tu, kile kilichokataliwa kwingine! Leo tujifunze kwa mwigizaji wa Marekani, Dolores Hart. Maisha yake yanayajibu maneno hayo vizuri kuliko mimi.

Alikoanzia

Alizaliwa Chicago mwaka 1938, jina lake Dolores Hicks. Wazazi wake walikuwa vijana sana na ndoa yao ikavunjika, hivyo sehemu kubwa ya utoto aliishi kwa babu na bibi. Babu alikuwa fundi wa kuonyesha filamu kwenye jumba la sinema. Mjukuu alikaa naye kwenye kile chumba cha mashine, akitazama filamu bila kusikia sauti. Hapo akajifunza kusoma nyuso za watu. Walimpeleka shule ya Kikatoliki, ingawa familia haikuwa ya Kikatoliki, na akiwa na miaka 10 akaingia Kanisani.

Alivyopanda

Akiwa mwanafunzi wa chuo cha Marymount, Los Angeles, aliigiza Mtakatifu Yoana wa Arc katika mchezo wa jukwaani. Kupitia nafasi hiyo akafika kwa mtayarishaji mkubwa, Hal Wallis, akapewa mkataba. Filamu yake ya kwanza, *Loving You* ya mwaka 1957, alicheza na Elvis Presley. Mwaka uliofuata wakacheza tena pamoja katika *King Creole*. Hebu fikiria: binti wa miaka 18 au 19, pembeni ya kijana aliyekuwa akipigiwa kelele na Marekani nzima! Akaenda Broadway, New York, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Mwaka 1960 ikatoka *Where the Boys Are*, ikapendwa mno. Kufikia 1963 alikuwa na filamu 10.

Sauti ndani ya kazi yenyewe

Sasa sikiliza. Mwaka 1959, akiwa amechoka na kazi ya Broadway, alikwenda kupumzika kwenye monasteri ya Regina Laudis huko Bethlehem, Connecticut. Ni ya masista Wabenediktini, wana wa Mtakatifu Benedikto kama wale tunaowafahamu wa Peramiho na Ndanda. Akapata amani, akawa anarudi. Kisha akapewa nafasi ya Mtakatifu Klara katika filamu *Francis of Assisi* ya mwaka 1961. Akiwa Italia alikutana na Papa Yohane XXIII. Alijitambulisha kama mwigizaji anayemwigiza Klara, lakini Papa akamwambia kwamba yeye ndiye Klara. Neno hilo halikumtoka moyoni.

Wakati huo alikuwa na mchumba, Don Robinson, mtu mwema aliyempenda kweli. Akavunja uchumba, na mwaka 1963, akiwa na miaka 24, akaingia monasterini. Aliweka nadhiri za daima mwaka 1970. Don hakuoa kamwe. Aliendelea kumtembelea hadi alipofariki mwaka 2011.

Tunajifunza nini?

Kwanza, wito si kimbilio la walioshindwa. Soma Mt 19:16-22. Yule kijana tajiri hakukosa kitu. Alikuwa na vingi, na ndiyo maana aliondoka na huzuni. Dolores alikuwa na vingi pia. Yeye alibaki.

Pili, Mungu hakumsubiri atoke kazini ndipo aseme naye. Alisema naye kupitia Yoana, kupitia Klara, kupitia uchovu wenyewe. Kwa hiyo usidharau duka lako, boda boda yako, masomo yako. Ifanye kazi vizuri, ila usiiache ipige kelele mpaka usisikie kingine.

Tatu, kuitikia kuna gharama. Dolores mwenyewe amekiri kwamba miaka ya mwanzo monasterini ilikuwa migumu. Amani ya Mungu si sawa na starehe. Na si wote tunaitwa utawani. Wengi tutaitwa kwenye ndoa. Lakini swali ni lile lile, na linamhusu hata anayefanikiwa.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ni kitu gani kizuri ninachokishika kiasi cha kuogopa kumuuliza Mungu juu yake?
2. Ninawasemaje wenzangu wanaochagua utawa au upadre?

Tusali: Bwana Yesu, usituache tukupe mabaki. Tuite tukiwa na nguvu, na utupe moyo wa kukusikia katikati ya makofi na katikati ya ukimya. Amina.