Ufahamu na Ufupisho: Pampu ya Mjomba

Soma kwa makini kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Mkulima mmoja wa mboga ana pampu ya maji inayotumia petroli. Mpwa wake, kijana wa miaka 22, anamwomba aiazime kwa siku tatu ili amwagilie nyanya zake. Mjomba hamtozi hata shilingi, maana ni mtoto wa dada yake. Anampa sharti moja tu: "Uitumie wewe mwenyewe, shambani kwako." Siku ya pili mpwa anampa rafiki yake pampu hiyo. Rafiki anaiwasha bila kutazama oili, na injini inakufa. Nani alipe? Mjomba anamtaka mpwa alipe. Mpwa anasema mwenye kosa ni rafiki. Shangazi naye anawaambia waache, kwani ndugu hawadaiani.

Kwa Tanzania Bara, jibu limo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo ilianza mwaka 1961, na misingi yake mingi imetokana na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Inaeleza hali ambayo mtu humkabidhi mwenzake mali kwa kusudi fulani, kwa makubaliano kwamba kusudi likitimia mali irudishwe. Mali hubaki kuwa ya mwenyewe. Kilichobadilika ni mikono iliyoishika. Sheria hiyo inagusa waziwazi hata chombo kilichoazimwa bila malipo.

Mwazimaji, yaani aliyepokea mali, ana wajibu wa aina tatu. Kwanza, aitunze kama mtu makini wa kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani hiyo. Akifanya hivyo na mali ikaibwa au kuharibika, halipi, isipokuwa kama walipatana vinginevyo. Pili, aitumie kwa masharti aliyopewa. Akiyavunja, uharibifu unaotokea wakati wa matumizi hayo ni juu yake, hata kama uangalifu ulikuwepo. Tatu, airudishe muda unapokwisha bila kungoja kudaiwa. Akichelewa kwa kosa lake, hasara inayotokea baada ya siku hiyo ataibeba yeye.

Mwenye mali naye ana wajibu. Lazima aseme kasoro anazozijua ambazo zinaweza kumdhuru mwazimaji. Tuseme mjomba anajua kwamba mpira wa petroli unavuja, akanyamaza, kisha pampu ikashika moto na kumuunguza mpwa wake. Hapo anayewajibika ni mjomba. Kwa kuwa ameazimisha bure, kasoro asiyoijua haimfungi. Lakini angekuwa amekodisha kwa malipo, angewajibika hata kwa kasoro asiyoijua. Aidha, aliyeazimisha bure anaweza kudai chombo chake kabla ya muda. Hata hivyo, ikiwa mwazimaji alikwisha kujipanga kwa kukitegemea, na hasara ya kukirudisha mapema ikazidi faida aliyoipata, mwenye mali atamfidia kiasi kilichozidi.

Je, makubaliano ya ndani ya familia yana nguvu ya kisheria? Si kila mara. Nchini Uingereza, katika kesi ya Balfour dhidi ya Balfour ya mwaka 1919, mume alikuwa ameahidi kumpa mkewe pauni 30 kila mwezi. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ahadi hiyo haikuwa mkataba, kwa sababu wanandoa hao hawakukusudia kufungana kisheria. Lakini ahadi ya mdomo ni jambo moja, na pampu iliyokwisha kukabidhiwa ni jambo jingine. Mjomba anaweza kuamua kusamehe. Kusamehe ni haki yake. Si haki ya aliyeharibu kuidai.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye tarehe, hali ya chombo, kusudi la kukiazima, siku ya kukirudisha na saini mbili haivunji undugu. Mara nyingi ndiyo inayouokoa.

Maswali

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) humkabidhi (b) kasoro (c) atamfidia.
2. Kwa nini mpwa hawezi kukwepa lawama kwa kumtaja rafiki yake?
3. Taja hali mbili ambazo mwenye mali huwajibika kwa madhara au hasara ya mwazimaji, ikiwa ameazimisha bure.
4. Kwa kutumia habari uliyosoma, pinga kauli ya shangazi.
5. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 30.

Majibu ya mfano

1. (a) humpa kitu mkononi ili awe na dhamana nacho (b) hitilafu au dosari (c) atamlipa ili kuziba hasara.
2. Sharti lilikuwa aitumie mwenyewe. Alipompa mwingine alilivunja, hivyo uharibifu uliotokea ni wake mbele ya mjomba. Akitaka, atamdai rafiki yake. Hilo ni lao wawili.
3. (i) Anapoficha kasoro anayoijua, nayo ikaleta madhara. (ii) Anapodai chombo mapema na kumtia mwazimaji hasara inayozidi faida aliyoipata.
4. Undugu uliondoa malipo, haukuondoa wajibu. Sheria inagusa hata mali iliyoazimwa bure, na msamaha hutoka kwa mwenye mali peke yake.
5. Mwazimaji hutunza mali kama yake, huitumia kwa masharti aliyopewa na huirudisha kwa wakati. Akivunja masharti au akichelewa kwa kosa lake, hasara ni yake. Akitunza ipasavyo, halipi. (Maneno 26)

Angalizo kwa mtahiniwa: Usichanganye *azima* na *kopa*. Aliyekopa fedha hurudisha kiasi kilekile, si noti zilezile. Aliyeazima hurudisha kitu chenyewe. Katika swali la 4, usiandike maoni yako ya jumla kuhusu upendo wa familia. Kila hoja itoke kwenye kifungu. Katika swali la 5, usinakili sentensi za mwandishi, na andika idadi ya maneno mwishoni.