Maji Yanayotoka Chini ya Ndoo: Yarudie Mboga, Yasimfikie Mtoto



Wengi kambini sasa wanapanda lengalenga, tomati na vitunguu ndani ya ndoo, magunia na bidoni zilizokatwa, bila kutumia udongo wa kiwanja. Wanafanya vema. Huko Lubumbashi shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi na vumbi la viwanda vilianguka juu ya udongo. Shaba, kobalti, risasi na kadmiamu hazioozi kama majani. Zikiisha kuingia katika udongo, zinakaa humo. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo, na watoto zaidi kuliko wakubwa. Kwa hiyo kupanda bila udongo ule ni kulinda jamaa.

Lakini kazi hii ina maji yake, na maji hayo yana hatari yake. Leo tujifunze namna ya kuyatumia mara ya pili bila kuleta ugonjwa nyumbani.

1. MAJI HAYO NI NINI?

Mchanga na makala havina chakula cha mmea. Basi tunatia mbolea ndani ya maji, na mmea unakunywa chakula chake humo. Kwa mbolea ya NPK 17-17-17, gramu 10 zinatosha ndoo ya lita 10. Pima mara moja kwa mzani wa duka, kisha tia alama katika kopo dogo ili usikosee tena. Koroga, acha yatulie, chuja kwa kitambaa. Mbolea hii haina kila kitu: majani ya chini yakigeuka manjano katikati ya mishipa, mara nyingi mmea unalilia magnezi.

Kila unapomwagilia, mimina mpaka sehemu 2 katika 10 zitoke chini. Usiseme ni hasara. Maji hayo yanasukuma chumvi iliyobaki ndani ya ndoo. Bila kuyatoa, chumvi inajaa na mizizi inaungua.

Sasa fanya hesabu. Nyumba yenye ndoo 20, kila moja ikipata lita 1 kwa siku wakati wa kiangazi, inamwaga lita 20. Zinazotoka chini ni lita 4. Kwa siku 30 ni lita 120, ndiyo bidoni 6 za lita 20 ambazo mama au mtoto amezibeba kichwani kutoka bombani. Na mbolea iliyomo imenunuliwa kwa faranga. Kuyaacha yapotee si akili.

2. NAMNA YA KUYARUDISHA

a) Panga ndoo juu ya matofali au mbao, zikiinama kidogo, na beseni chini yake. Beseni liwe la plastiki. Ndoo ya zenki haifai, kwa sababu maji ya mbolea yanaila na zenki inaingia katika mboga.

b) Jioni chuja maji ya beseni kwa kitambaa, yatie katika bidoni yenye kifuniko, uiweke kivulini. Mwanga ukiingia, majani ya kijani yanaota ndani ya maji.

c) Siku ya pili changanya sehemu 1 ya maji hayo na sehemu 1 ya maji safi. Nusu ya chakula imekwisha kuwamo, basi ongeza nusu tu ya mbolea: gramu 5 kwa lita 10.

d) Jua likiwa kali, mmea unakunywa maji kuliko chumvi, na yanayotoka chini ni makali kuliko yale uliyomimina. Ukiona unga mweupe juu ya mchanga, au kingo za majani zinakauka kama zimeungua, usiongeze mbolea hata kidogo. Mwagilia maji matupu siku mbili au tatu.

e) Baada ya majuma mawili usiendelee kuyazungusha. Chumvi ambazo mmea hauzitaki zinabaki na kuongezeka. Yamwage kwenye shina la migomba au mahindi, mbali na kisima, kisha anza upya.

3. HATARI YA KWANZA: MTOTO MCHANGA

Hapa ninawaomba msome pole pole.

Maji ya mbolea yana nitrati. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za nitrati katika lita 1. Maji ya mimea isiyo na udongo yaweza kuwa na miligramu 600 mpaka 800, zaidi ya mara kumi. Mtoto asiyetimiza miezi 6 akipewa maji ya namna hiyo, au maziwa ya unga yaliyokorogwa nayo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Midomo na kucha zinakuwa rangi ya buluu au ya majivu, mtoto analegea, anahema kwa shida. Anaweza kufa.

Wengine watasema: «Tutayachemsha.» Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi nitrati. Tena maji yakipungua katika sufuria, nitrati inazidi kuwa kali. Maji haya hayapiki bukari, hayaoshi chupa ya mtoto, hayaoshi mboga.

Bidoni ya maji haya iwe na rangi yake, kwa mfano mstari mwekundu kuizunguka, nayo isitumiwe kwa kazi nyingine. Anayejua kusoma na asiyejua, wote wajue: mstari mwekundu si maji ya watu. Mtoto akiwa amekunywa na kubadilika rangi, usingoje asubuhi, usijaribu dawa ya majani. Mkimbize lupitalo, ukaeleze alikunywa nini.

Ni sababu hiyo pia tunakataza kumwaga maji haya karibu na kisima. Nitrati inashuka na maji ya mvua, na kisima chako ni kisima cha jirani.

4. HATARI NYINGINE

Mbu. Yai la mbu linaweza kuwa mbu mzima kwa siku 7 mpaka 14. Beseni lililosahauliwa ni shamba la malaria. Limwage kila jioni, na kila juma ulisugue kwa brashi.

Vyombo vya kazini. Bidoni iliyokuwa na asidi, mafuta ya mashini au dawa za kuchuja madini haiwi chombo cha chakula hata ukiiosha mara mia. Iache kazini.

Mchanga. Usichote mchanga wa terili, wala wa mto unaopokea maji ya kiwanda. Utakuwa umekimbia udongo mbaya na kuleta ulio mbaya zaidi. Makala yaliyovunjika vipande vidogo yanafaa, lakini yaoshe mpaka majivu yaishe.

Vumbi. Ndoo haizuii vumbi la barabara kuanguka juu ya majani. Osha mboga mara tatu kwa maji safi kabla ya kupika. Wala nguo za kazi zisifuliwe katika beseni la mboga.

5. MMEA MGONJWA ANAAMBUKIZA WENZAKE

Maji yanayozunguka yanabeba ugonjwa kutoka ndoo moja mpaka zote. Tomati ikinyauka ghafula hali majani yangali ya kijani, kata kipande cha shina, ukining'inize katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka baada ya dakika chache, ni ugonjwa wa bakteria. Ng'oa mmea, uchome. Tupa mchanga wake mbali na mashamba, sugua ndoo kwa sabuni na kuianika juani. Maji yaliyokusanywa siku zile usiyarudishie tomati, biringanya, pilipili wala viazi. Mwenye kuvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa tomati, maana tumbako inabeba virusi vinavyoishambulia.

TUJIPIME

Someni maulizo haya nyumbani, baba, mama na watoto pamoja.

– Ndoo ya lita 10 ya maji nusu kwa nusu inahitaji mbolea gramu ngapi? (Gramu 5.)

– Unga mweupe juu ya mchanga unasema nini? (Chumvi imezidi, mwagilia maji matupu.)

– Je, kuchemsha kunafanya maji haya yawe ya kunywa? (Hapana, hata kidogo.)

– Bidoni ya mstari mwekundu iko wapi nyumbani kwetu, na nani anaweza kuifikia?

Ulizo la mwisho halina jibu katika ukurasa huu. Inuka ukaangalie. Kama mtoto anaweza kuifikia, ihamishe leo.