Umelipia fleti Nairobi? ‘Hakuna kurejeshewa pesa’ si sheria

Wengi wanaokuja Nairobi kupumzika wikendi siku hizi hawalali hotelini. Wanalipia fleti iliyopambwa Kilimani, Kileleshwa au Westlands: sofa kubwa, taa za rangi darini, jiko lenye vyombo vyote, bwawa la kuogelea juu ya paa na mtu wa kusafisha kila asubuhi. Bei huwa nafuu kuliko hoteli, hasa mkiwa familia au marafiki wanne. Mambo yakienda vizuri, ni raha tupu.

Yakienda vibaya, wengi hunyamaza. Wanafika, wanakuta nyumba si ile ya kwenye picha, wanamwandikia mwenyeji, naye anawajibu kwa maneno matatu: hakuna kurejeshewa pesa. Hapo wanaona mambo yamekwisha. Sehemu ya ukimya huo ni malezi yetu, kwamba mgeni hamlalamikii mwenyeji wake. Lakini aliyepokea pesa zako amekuuzia huduma, na wewe ni mteja wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mteja haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidi huduma hiyo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia huduma ikiwa na kasoro iliyomletea hasara. Hakibagui Mkenya na Mtanzania aliyeshuka basi kutoka Arusha.

Tuanze na picha, kwa kuwa malalamiko mengi huanzia hapo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaharamisha maelezo ya uongo, ya kupotosha au ya kudanganya kuhusu huduma. Kusema huduma ina sifa ambayo haina ni kosa. Kutia chumvi hadi mtu adanganyike ni kosa. Na hili ndilo ningependa kila msafiri alijue: kuficha jambo kubwa ambalo mteja angetaka kulijua, kama kulificha kunamdanganya, nako ni kosa.

Chukua mfano wa mwalimu kutoka Mombasa aliyelipa Sh18,000 kwa siku tatu Kilimani. Tangazo lilionyesha roshani inayotazama miti, likataja lifti na maji ya moto. Alipofika na mama yake mzee, lifti ilikuwa imefungwa kwa utepe, na mlinzi akasema iko hivyo tangu mwezi uliopita. Fleti iko orofa ya saba, na maji ya moto hakuna. Kule kwenye miti pamesimama jengo jipya, mashine ya kuchanganya zege inanguruma hadi usiku, na roshani imejaa vumbi la saruji. Mwenyeji anajibu kwamba ujenzi si wake. Ni kweli si wake. Ila alijua upo, aliendelea kutumia picha za kabla haujaanza, na alijua lifti ni mbovu wakati anapokea pesa. Mwalimu huyo ana kesi nzuri.

Anaweza kudai nini? Sheria hiyo inamruhusu mteja aliyeingizwa katika makubaliano kwa maelezo ya uongo kuyavunja na kudai pesa zake, pamoja na fidia. Kama hawezi kuyavunja kwa sababu ameshatumia huduma, anaweza kudai tofauti kati ya alicholipa na thamani ya alichopata. Kwa hiyo usidhani kwamba ukilala hapo usiku mmoja kwa kukosa pa kwenda, umepoteza kila kitu. Na haki hizo haziondolewi na sharti lolote ulilobonyeza kukubali kwenye simu.

Lazima pia niseme upande wa pili. Ukikatisha safari kwa sababu zako, umeugua au bosi amekunyima ruhusa, masharti ya kughairi uliyoonyeshwa na kuyakubali yanakubana. Mwenyeji aliyetangaza ukweli na kukuwekea nyumba hana deni kwako. Nimeona watu wakitumia neno haki kudai pesa ambazo si zao, na hilo linawaumiza wateja wenye malalamiko ya kweli.

Sasa bei. Umekubaliana Sh6,000 kwa siku, unafika unaambiwa kuna ada ya usafi Sh2,500, tokeni za stima ujinunulie, na kuegesha gari ni Sh500 kwa usiku. Sheria ya Ushindani ya 2010 inasema mteja ana haki ya kuelezwa ada zote za huduma, ziitwe kwa jina lolote lile, na inakataza mtoa huduma kutoza ada ambayo mteja hakujulishwa kabla ya huduma. Kwa hiyo ada iliyoibuka mlangoni unaweza kuikataa. Kataa kwa maandishi, kwenye WhatsApp au ndani ya programu mliyotumia. Ukilazimika kulipa ili upate ufunguo, andika kwamba unalipa bila kukubali, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Amana ya uharibifu ndiyo inayoleta ugomvi wakati wa kuondoka. Mwenyeji anasema umevunja glasi mbili na kutia doa kwenye zulia. Dawa yake ni dakika tatu za kwanza: kabla ya kufungua begi, washa kamera ya simu, upige video chumba baada ya chumba. Piga magodoro, zulia, runinga ikiwa imewashwa, bomba likitoa maji, kabati la vyombo. Mtumie mwenyeji papo hapo. Fanya hivyo tena ukiondoka. Anayetaka kukukata pesa ndiye anayepaswa kuonyesha ulichoharibu na gharama yake, na video yako itamnyima nafasi ya kubuni.

Malipo yenyewe yanastahili tahadhari. Ukilipa kupitia Airbnb, kampuni kwa kawaida hushikilia pesa hadi takriban saa 24 baada ya muda wa kuingia ndipo imlipe mwenyeji, na inakutaka uripoti tatizo ndani ya saa 72 tangu ulipoligundua. Mwenyeji akikuambia mlipane pembeni akupunguzie bei, jua kwamba punguzo hilo linakununulia hatari. Haki zako za kisheria zitabaki, ila utakuwa umepoteza yule aliyekuwa anashikilia pesa. Ukilipa kwa M-Pesa, dai jina kamili la mpokeaji kabla ya kutuma, na ulilinganishe na jina litakalotokea. Jina ni muhimu kwa sababu wenye kutangaza fleti hizi mara nyingi si wamiliki. Wamekodi kwa mwaka nao wanakodisha kwa siku. Bila jina hutajua wa kumshtaki.

Kuna na wezi kamili, wanaochukua picha za nyumba ya mtu mwingine, wanapokea amana na kuzima simu. Ukishtuka mapema, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 uombe muamala urudishwe. Ukichelewa, pesa zitakuwa zimeshatolewa. Kisha nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka mitatu.

Je, nyumba yenyewe ina leseni? Sheria ya Utalii ya 2011 inazitaja fleti zenye huduma miongoni mwa biashara zinazohitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Swali hili si la kujionyesha. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na baadhi ya mauaji yaliyowatoa barabarani yalitokea katika vyumba vya kukodi kwa siku chache. Mwenyeji mwenye leseni ana jina na anwani zinazojulikana na serikali. Muulize, na umtumie mtu wa nyumbani jina la jengo, nambari ya mlango na jina la mwenyeji. Uliza pia kama jengo linaruhusu wageni wa siku chache. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, wamiliki wa fleti katika jengo moja hujiwekea kanuni, na wageni huzuiwa getini usiku kwa sababu mwenyeji alizikiuka kanuni hizo kimyakimya. Ukizuiwa hivyo, kosa si lako, na pesa zako unazidai kwa aliyekuuzia kitu asichoruhusiwa kuuza.

Kuhusu faragha nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa madhara hayapimwi kwa shilingi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Kamera ya CCTV kwenye korido, lifti na getini inaeleweka. Ndani ya sebule, chumba cha kulala au bafu haina nafasi. Airbnb yenyewe imepiga marufuku kamera za ndani kote duniani tangu 30 Aprili 2024, hata zile ambazo mwenyeji amezitaja. Ukiona kitu cha kutilia shaka, kama saa ya mezani inayoelekea kitanda, king'amuzi cha moshi kilichobandikwa juu ya shawa au chaja iliyochomekwa mahali isipohitajika, usikivunje wala kukitupa. Kipige picha pale pale kilipo, kifunike kwa taulo, toka na uripoti polisi. Na mtu akisambaza picha zako za faragha, Sheria ya Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inamtoza faini hadi Sh200,000, kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Kitambulisho nacho ni data. Mwenyeji ana sababu ya kujua anamkaribisha nani, na mlinzi wa geti anaruhusiwa kuandika majina. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenyeji achukue kinachohitajika tu, akuambie anakitumia kwa nini, na akihifadhi salama. Hana ruhusa ya kusambaza picha ya pasipoti yako katika kundi la WhatsApp la walinzi, wala kuweka picha zako mkiogelea kwenye ukurasa wake wa Instagram ili apate wateja. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza ukumbi mmoja wa burudani Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Malalamiko kwa ofisi hiyo yanapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90.

Usalama wa mwili unasimamiwa na Sheria ya Wajibu wa Mmiliki wa Majengo, ile ya zamani ya Sura ya 34. Mwenye kusimamia nyumba anapaswa kuchukua hatua zinazofaa ili mgeni asiumie. Jambo la kukagua kwanza ni shawa ya umeme. Zile za bei rahisi, zenye nyaya zinazoonekana zimefungwa kwa utepe mweusi juu ya kichwa chako, zinapiga shoti. Ukiona utepe huo, usiwashe. Piga picha, andika, dai irekebishwe. Kagua pia ukuta wa roshani kama una watoto, na mtungi wa gesi kama umewekwa ndani karibu na moto.

Basi umekwama, mwenyeji amegoma. Mwandikie ujumbe mmoja, bila matusi. Yule mwalimu wetu angeandika hivi:

“Nililipa Sh18,000 kwa siku tatu katika fleti yako ya Kilimani kwa sababu tangazo lilisema kuna lifti na maji ya moto. Lifti haifanyi kazi, maji ya moto hakuna, na ujenzi wa jirani ambao hukuutaja unaendelea hadi usiku. Nilikujulisha siku hiyohiyo saa moja na nusu jioni na kukutumia video. Maelezo yako yalikuwa ya kupotosha chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Navunja makubaliano, na nadai Sh18,000 zangu katika siku saba. Usipolipa nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo.”

Wengi hulipa wakiona jina la mahakama hiyo. Asipolipa, nenda kweli. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016, na Nairobi iko Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Huhitaji wakili. Haibanwi na kanuni zote ngumu za ushahidi, kwa hiyo ujumbe wako wa WhatsApp, picha ya skrini ya tangazo, ujumbe wa M-Pesa na ile video vinaweza kutosha. Kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa.

Hifadhi tangazo siku ile ile unayolipa, kwa sababu mwenyeji anaweza kulibadilisha kesho yake. Na usikae na uchungu hadi uchakae: notisi ya kuvunja makubaliano yaliyotokana na udanganyifu inatakiwa itolewe ndani ya mwaka mmoja tangu mlipokubaliana. Kama kuna wikendi ya mwaka huu iliyoharibiwa namna hii na pesa zako hazijarudi, andika ujumbe huo leo.